Laini ya Kwenye Bahasha

Fuso lilikuwa limeshatoka kwenye mawe na kushika barabara ya vumbi, pampu imefungwa kamba mgongoni, mabomba yananing'inia nyuma, Melania Magesa alipoingia katikati ya njia na kusimama. Hakupunga mkono. Alisimama tu, mkoba begani, kanga kiunoni juu ya suruali, na dereva akakanyaga breki mpaka mabomba yakagongana.

"Mama, unataka kufa?" dereva akauliza.

"Sina haraka hiyo. Zima gari."

Dereva akamgeukia aliyekaa pembeni yake. Huyo alikuwa Davis, mwenye duara, shimo la kuchimba dhahabu, mtu wa Shinyanga mjini aliyeacha biashara ya pamba akaja kutafuta mali huku Ibambasi. Davis akashusha kioo taratibu.

"Afande mstaafu. Shikamoo."

"Marahaba. Pampu inakwenda wapi?"

"Kwenye duara langu jingine. Polisi wameshaipiga picha, wamemaliza nayo. Na wewe si polisi tena."

"Si polisi. Natumwa na wakili wa Chausiku. Na Chausiku hajasaini karatasi yako."

"Hiyo ndiyo shida yake," Davis akasema. "Angesaini tungekuwa tumemaliza. Akubali kwamba boksi lake lilikuwa bovu, aombe radhi kwa familia, tuingie mahakamani Ijumaa tukiwa tumeelewana. Wiliam tumeshamzika Kishapu. Mnataka nini kingine?"

"Kujua alikufaje."

"Alizama. Kila mtu anajua."

Hilo kweli kila mtu alilijua. Wiliam alikuwa fundi wa matimba, yale magogo ya kuzuia duara lisibomoke. Alishuka asubuhi mapema kabla ya wenzake. Jenereta ilikuwa imezimika, pampu imelala, maji yakaingia kwa upande wa duara la zamani, na hakuna aliyempigia kelele atoke. Kazi ya kupiga kelele ilikuwa ya boksi. Chausiku, fundi simu wa Kalangalala, ndiye aliyelitengeneza: kompyuta moja ndogo ya kuenea kiganjani, yenye laini ya simu ndani, imefungwa kwenye nguzo ya winchi, na waya unaoshuka chini mpaka kwenye boya. Maji yakipanda, boksi limpigie msimamizi. Jenereta ikizimika, boksi limwandikie Davis meseji hukohuko Shinyanga. Asubuhi ile halikumpigia mtu. Chausiku akashitakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na kwa kosa hilo mtu anafungwa.

"Ngoja nikuonyeshe kitu, halafu upishe gari," Davis akasema. Akatoa simu, akatafuta, akamnyooshea dirishani. "Hii ni ya asubuhi ileile. Soma jina."

Jina lilikuwa Boksi. Meseji ilisema: Pampu inafanya kazi. Maji yako chini.

"Mtu anakunywa maji kule," Davis akasema, "na boksi la huyo binti linaniambia maji yako chini. Halafu ananigomea kusaini."

Melania akaisoma tena. Akaisoma na namba.

"Ripoti ya mtaalamu wa polisi umeisoma?"

"Inasema boksi bovu."

"Haisemi hivyo. Inasema boksi liliwaka, likaisoma kadi ya laini, likaomba mtandao, likakataliwa. Kila walipojaribu, likakataliwa."

"Si ndio ubovu wenyewe?"

"Davis, kitu kisichokuwa na mtandao kilikuandikiaje meseji?"

Davis akatazama simu yake kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Labda liliingia maji baadaye."

"Lilikuwa kwenye nguzo, juu ya kichwa changu. Maji hayakufika hata mdomo wa duara." Melania akasogeza mkoba begani. "Rudisha pampu ilipokuwa. Kesho mchana nataka kufanya jaribio palepale, mbele yako na mbele ya askari wa kesi."

"Nikikataa?"

"Nitakaa chini hapa. Mgongo unaniuma, lakini nikishakaa nimekaa."

Dereva akacheka. Davis hakucheka, ila alipandisha kioo, na Fuso likaanza kurudi nyuma.

* * *

Kibanda cha Chausiku kipo katikati ya duka la vipuri vya pikipiki na mama mmoja wa chapati. Alikuwa nje kwa dhamana. Wateja walikuwa wamepungua. Waliobaki walimletea simu za kubadilisha vioo tu, maana kioo hakiui mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una bodi nyingine kama ile?"

"Ipo moja. Nilikuwa namwekea mfugaji wa Kishapu, kwa ajili ya kisima cha ng'ombe. Alipozisikia habari zangu akakimbia."

"Itengeneze mbele yangu. Usinisimulie ulivyofanya kule, nataka nione kwa macho."

"Tangu mwanzo kabisa?"

"Tangu kadi tupu."

Chausiku akafunga nusu ya mlango. Akachukua kadi ya memori ndogo kama ukucha, akaiingiza kwenye laptopu, akaifuta yote, akaanza kuiandikia mfumo upya. Hiyo ilichukua muda wa kula chapati mbili. Kisha akaichomeka kwenye bodi, akapachika modemu juu yake, bodi ya pili iliyobeba nafasi ya laini na antena fupi nyeusi.

"Antena kwanza, umeme baadaye," akasema. "Watu wanakosea hapo, wanaunguza."

Akaingiza laini mpya, akachomeka chaja ya simu. Taa nyekundu ikawaka, ya kijani ikapepesa, kisha zote zikazima. Zikawaka tena. Zikazima tena.

Melania akavuta stuli karibu. "Hivi ndivyo lilivyofanya kule?"

"Hapana. Hii ni chaja. Modemu ikianza kutafuta mtandao inakunywa umeme kwa pupa, chaja inashindwa, bodi inaanguka na kuanza upya."

"Na kule jenereta ilipozimika?"

"Kule niliweka betri ya gari na kipande cha sola. Nilijua jenereta itazimika. Boksi lenyewe nimelitengeneza kwa ajili ya jenereta kuzimika, mama, ningelifungaje kwenye jenereta?" Sauti yake ilipanda kidogo. "Huko polisi wamenifanya mjinga mpaka nimechoka."

"Mimi sijakuita mjinga. Weka betri."

Akaenda kwa jirani wa vipuri, akarudi na betri ya pikipiki na kipunguza umeme. Safari hii taa zilitulia. Akaanza kuongea na modemu kupitia laptopu, neno moja moja.

"Hapa unabisha hodi," akasema. "Unaandika A na T. Ikiitika, iko hai. Sasa nauliza kama imeiona laini. Imeiona. Sasa nauliza kama mtandao umeipokea." Akangoja. "Inatafuta. Inatafuta. Haya, imepokelewa."

"Intaneti?"

"Siihitaji. Machimbo yale mtandao ni wa kuokoteza. Meseji na kupiga vinatosha."

Baada ya hapo akaipandisha programu yenyewe, ileile ya kule, nakala iliyobaki kwenye laptopu. Haikuwa ndefu. Kila baada ya muda mfupi iangalie boya. Boya likielea, piga simu. Msimamizi asipopokea, piga tena, usichoke. Waya wa jenereta ukikosa umeme, mwandikie mwenye duara. Akaweka namba ya Melania ya kupigiwa, akajaza ndoo maji, akatupia boya.

Simu ya Melania ikaita kabla boya halijatulia. Akaikata. Ikaita tena. Akaikata, ikaita.

"Haichoki," Melania akasema.

"Niliambiwa watu watakuwa chini. Ningeandika ichoke?"

Melania akatoa nakala ya ripoti kwenye mkoba, akaweka kidole kwenye neno moja.

"Nieleze hili. Wewe umesema inatafuta. Hapa mtaalamu ameandika imekataliwa. Ni kitu kimoja?"

Chausiku akaisogeza karatasi. Inaonekana hakuna aliyewahi kumpa aisome.

"Vitu viwili kabisa. Kutafuta ni kwamba haijasikia mnara. Kukataliwa ni kwamba mnara umesikia, umeuliza wewe nani, na jibu umelikataa. Hapo bodi haina kosa, modemu haina kosa. Kosa ni la laini."

"Laini inakataliwa kwa sababu gani? Vocha kuisha?"

"Vocha ikiisha hupigi, lakini mtandao unao. Inakataliwa ikifungwa na kampuni. Au..."

"Sema."

"Au ikirudishwa. Ukipoteza simu unakwenda kwa wakala, anakupa kadi mpya yenye namba yako ileile. Ya zamani inakufa hapohapo."

"Toa namba yangu," Melania akasema. "Weka namba ya boksi."

"Boksi gani?"

"Lako. La kule."

"Mama, lile boksi liko polisi. Laini yake imo kwenye bahasha, nilisaini juu yake mwenyewe."

"Weka."

Chausiku akabadilisha mstari mmoja, akainua boya, akaliachia. Wote wawili wakainamia laptopu. Modemu ikapiga. Jibu likaja kwenye kioo.

"Inaita," Chausiku akasema polepole.

"Vuta waya. Asipokee."

Akauvuta. Nje mama wa chapati alikuwa anagombana na mtu kuhusu mafuta ya kupikia. Chausiku alibaki ameshika waya.

"Laini iko kwenye bahasha," akasema, "na inaita."

"Namba inaita. Kwenye bahasha mna plastiki tu. Nani aliisajili?"

Machimboni watu wanatoka kila upande, wengi hawana kitambulisho cha taifa, au namba waliomba zamani na haijatoka. Bila hiyo namba na alama ya kidole, hupati laini. Basi wanaazimana vidole. Mwenye namba anakwenda kwa wakala, anaweka kidole, laini inatoka kwa jina lake, anakukabidhi, maisha yanaendelea. Hakuna anayeona ni jambo. Ni kama kumwazima mtu sururu.

"Namba yangu ya kitambulisho ilikuwa haijatoka," Chausiku akasema. "Msimamizi alisema nisihangaike. Akaniazima kidole chake. Nasibu."

* * *

Wakala alikuwa Asteria, mwanamke mnene wa maneno makali, anayekaa chini ya mwavuli njia ya kuingilia Ibambasi. Alimwona Melania akaanza kabla hajasalimiwa.

"Jina la mteja sitoi. Nikilitoa nafukuzwa, na wewe hutanilisha."

"Sitaki jina, mayu. Nataka utaratibu. Mtu amepoteza laini, anataka namba yake irudi. Unadai nini?"

"Kidole."

"Cha nani?"

"Kilekile kilichosajili. Siyo cha mke wake, siyo cha pacha wake."

"Akija mtumiaji wa laini, na barua ya mwenyekiti?"

"Aje na mwenyekiti mwenyewe amembeba mgongoni, anarudi alikotoka. Kidole ndiye mwenye laini." Asteria akapuliza vumbi kwenye mashine yake. "Mnaazimana vidole kama viberiti, kikiwaka moto mnakuja kunililia mimi. Yule binti alikuja kulia hapa?"

"Hajalia mahali popote."

"Afadhali. Akija mtu wa mahakama na karatasi yenye muhuri, jina nitalitoa na siku nitaitoa. Bila karatasi, nenda salama."

"Wabeja," Melania akamshukuru, akapanda bodaboda.

* * *

Kesho yake mchana watu walikuwa wamejaa kwenye winchi kabla ya boksi kufika. Habari ilikuwa imetangulia kwamba yule binti aliyemuua Wiliam anakuja kuonyesha mashine yake. Chausiku alipita katikati yao amebeba ndoo, hakumkwepa mtu. Mmoja akatema mate karibu na miguu yake.

"Tema vizuri, hujafika," akamwambia, akapita.

Askari wa kesi, Koplo Abdulshakur, alisimama pembeni mikono nyuma. Davis alikuwa kwenye kivuli cha Fuso. Nasibu alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, kofia ya jua kichwani; koti lake lilitundikwa kwenye nguzo ya winchi kama siku zote. Ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote.

"Tuone basi," akasema. "Tumepoteza mtu, leo tunaletewa mchezo wa ndoo."

"Boksi lilitakiwa kumpigia msimamizi," Melania akasema kwa wote. "Hii ni bodi kama ile, programu ileile. Nasibu, simu yako unayo?"

Nasibu akaitoa mfukoni mwa suruali, akaiinua juu, kioo kikawaelekea watu.

"Hii hapa. Imewashwa, ina chaji, mtandao tele. Piga."

Chausiku akaweka bodi juu ya debe, namba ya kupigiwa ikiwa bado ileile ya jana, akafunga betri. Akangoja taa zitulie. Akatazama laptopu mpaka mtandao ukakubali, kisha akatupia boya kwenye ndoo.

Watu wakasogea karibu. Simu iliyoinuliwa juu haikulia.

"Mnaona?" Nasibu akasema. "Haliiti. Ndivyo lilivyomfanyia Wiliam. Haliiti."

Simu ikaita. Ulikuwa mlio wa kitochi, simu ndogo ya vitufe, ule wa zamani wa kengele, na ulitoka kwenye koti lililotundikwa.

Nasibu alishusha mkono. Mlio ukakatika, ukaanza tena. Haukuchoka.

"Koti la nani hili?" Koplo akauliza, ingawa wote walilijua.

"Langu. Mtu ana simu mbili, ni kosa?"

Koplo akaingiza mkono, akatoa kitochi. Hakupokea. Alingoja Chausiku avute boya, mlio ukaisha, ndipo akabonyeza kwenye kitochi hichohicho namba aliyosomewa na Melania. Kule kwenye kivuli cha Fuso simu ya Davis ikaita. Davis akaitoa, akaitazama, akaendelea kuitazama.

"Nani anakupigia, bosi?" Melania akauliza.

"Boksi," Davis akasema.

"Boksi liko kituoni. Laini yake imo kwenye bahasha, imesainiwa. Anayekupigia ni koti la Nasibu."

Davis alitoka kivulini. Melania akamzuia kwa kiganja, akamgeukia Nasibu.

"Ulirudisha namba kwa wakala. Kidole ni chako, hakuna aliyekuuliza. Siku hiyohiyo boksi likawa bubu. Ukawa unamwandikia Davis wewe mwenyewe."

"Laini ni yangu," Nasibu akasema. Hakurudi nyuma hata hatua moja. "Jina langu, kidole changu. Nitajie sheria inayomkataza mtu kuchukua mali yake."

"Siijui. Kwa nini uliichukua?"

"Kwa sababu lile boksi halikuwekwa kwa ajili ya maji. Maji ni maneno ya kumpamba binti. Liliwekwa kunichunga mimi, nikizima jenereta huyu anajua akiwa kitandani kwake Shinyanga. Mimi nimesimamia maduara tangu yeye ananunua pamba. Nichungwe na kibati?"

"Na jenereta ulikuwa unaizima kwa nini?"

Aliyejibu ni mzee mmoja wa winchi, akiwa nyuma ya watu.

"Dizeli," akasema. "Alikuwa anaitoa alfajiri, anauza kwa wenye karasha za kusaga mawe. Wanampigia kwa namba hiyo. Hata mimi ninayo."

"Kwa nini hukusema?" Koplo akauliza.

"Nani aliniuliza? Mlikuja mkiuliza habari za boksi."

"Mimi nilikuwa naiwasha kabla ya watu kushuka," Nasibu akasema. Sasa alikuwa anamtazama Chausiku peke yake. "Kila siku. Siku ile alishuka mapema. Nilimtuma mimi ashuke mapema?"

"Boksi lingemwita," Chausiku akasema.

"Lingeniita mimi."

"Ndiyo. Wewe. Lingekuita mpaka uchoke."

Koplo alikuwa ameshafunga kitochi kwenye mfuko wa plastiki. Akatoa kalamu, akaandika juu yake, akamwomba Davis asaini, na Davis akasaini bila kusoma. Kisha Koplo akamshika Nasibu kiwiko.

"Mimi natembea mwenyewe," Nasibu akasema, na kweli alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari. Koti akaliacha.

Davis akamfuata Chausiku aliyekuwa anamwaga maji ya ndoo.

"Dada, tuzungumze. Naweza kusema na wakili, tukalimaliza kimya kimya, na kazi nyingine nikakupa."

"Ulitaka nisaini kwamba nimeua mtu," Chausiku akasema. "Kimya kimya hapana. Ijumaa utakwenda mbele ya hakimu, utoe hiyo simu yako, uwasomee watu jina."

"Na kama sitakwenda?"

"Mama huyu atakaa barabarani."

* * *

Ijumaa Davis alikwenda, akasoma. Asteria aliletewa karatasi yenye muhuri, akatoa jina na siku. Mashitaka dhidi ya Chausiku yaliondolewa. Hakuna aliyemwomba radhi. Mfugaji wa Kishapu alirudi kutaka boksi la kisima, akaambiwa bei imepanda.

Nasibu alishitakiwa kwa kifo cha Wiliam na kwa dizeli. La dizeli alikubali. La Wiliam amelikataa mpaka leo, na kesi bado inatajwa.

Davis alihamisha pampu wiki iliyofuata. Duara la Ibambasi lilijaa maji, akaliacha. Yupo Shinyanga.

Mzee wa winchi alifukuzwa kazi, sababu hakuambiwa. Alipata nyingine kwenye karasha.

Koplo Abdulshakur alihamishiwa wilaya nyingine kwa zamu ya kawaida.

Mjane wa Wiliam, Lusia, alisafiri kutoka Kishapu kuja kusikiliza mara mbili. Mara ya pili alimkuta Chausiku kwenye benchi nje ya mahakama, akakaa naye. Ilipotajwa tarehe nyingine aliondoka na basi la mchana.

Melania alilipwa nauli na wakili, akaenda kwenye kesi nyingine.